Talwari yenye kutu: soma kwanza, sugua baadaye

Talwari, upanga uliopinda wa Kihindi, haishikwi na msumari wala nati. Mpini wake ni wa chuma, una uwazi ndani, na mkia mfupi wa bapa huchomekwa humo kwenye lakiri iliyoyeyushwa na kuchanganywa na vumbi la matofali. Lakiri ikipoa inakaza, na kazi imekwisha. Upanga uliofungwa hivyo unaweza kupita mikono ya vizazi bila kulegea. Lakini uuchemshe kwenye maji, au uuelekezee moto wa gesi ili kutu iachie, utabaki na mpini mkononi na bapa liko sakafuni. Spiriti nayo huiyeyusha lakiri. Nayatanguliza haya kwa sababu ushauri ninaousikia kila mara kuhusu kutu ni maji ya moto, siki, tindikali na grenda. Kwa jembe au spana, sawa. Kwa talwari, subiri kwanza.

Mimi ni fundi mitambo. Nimezaliwa Tanga, naishi Leicester, mji wa katikati ya Uingereza ambao ukiingia duka la viungo barabara ya Belgrave unaweza kusalimiwa kwa Kiswahili na mzee wa Kigujarati aliyekulia Kampala au Kisumu. Wengi walifika huku mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Mzee aliyeniletea kazi hii ni mmoja wao, mtu wa Jinja. Kiswahili chake ni kile cha dukani: hakina ngeli, ila hakikosi neno.

Upanga wenyewe haukutoka Uganda. Waliofukuzwa hawakubeba mapanga. Mwanawe aliununua hapa hapa mnadani, ndani ya boksi la vyuma chakavu kutoka nyumba ya marehemu fulani, na inaelekea aliyeuza alidhani ni pambo la ukutani.

"Fundi, hii iko ya kwetu," Mzee aliniambia akiuweka mezani juu ya gazeti. "Toa kutu yote. Dasara nakuja. Nataka ing'are."

Dasara, au Vijayadashami, ni siku ambayo nyumba nyingi za Kihindi, na zaidi za Warajputi, jamii ya jadi ya wapiganaji, husafisha silaha na zana za kazi na kuzifanyia ibada. Mwenye karakana huipamba mashine yake, mwenye teksi huivisha gari shada la maua. Kwa hiyo nilielewa haraka yake. Nilimjibu, "Mzee, kutu nitaishughulikia. Kung'ara tutazungumza." Hakupenda, lakini aliuacha.

Kabla ya kuupaka chochote nilitumia muda mrefu nikiutazama tu, kwa taa ya pembeni na lenzi ya kukuzia, nikapiga picha pande zote. Kisha vipimo. Bapa lilikuwa na sentimita 76, limepinda kwa wastani. Unene wake karibu na mpini ulikuwa milimita 7, ukapungua kidogo kidogo hadi karibu na 3 kuelekea nchani. Huko kupungua ndiko kunakonena. Mhunzi aliyetengeneza upanga wa kupigania alitaka uzito urudi mkononi, kwa hiyo alilifua bapa liwe jembamba kadiri linavyokwenda mbele. Mapanga ya kuuzia watalii yaliyofurika karne ya 20 hukatwa kutoka bati la chuma lenye unene mmoja mwanzo mwisho, yakapakwa kromi, yakachorwa maua kwa tindikali na kutiwa mpini wa shaba ya kumimina. Nilipitisha sumaku kwenye mpini wa Mzee: ikanasa. Chuma, siyo shaba.

Hapa Uingereza swali la umri si la mashabiki peke yao. Tangu 2008 sheria ya England na Wales inakataza kuuza au kuingiza mapanga yaliyopinda yenye bapa la sentimita 50 au zaidi. Yameachwa yale ya kale yaliyozidi miaka 100, na mwenye upanga uliotengenezwa kabla ya 1954, au uliofuliwa kwa mkono kwa njia za jadi, ana utetezi. Mtoto wa Mzee alikuwa na wasiwasi na jambo hili kuliko baba yake. Vile vipimo vya unene vilimtuliza kuliko maelezo yangu yote.

Umbo la mpini ndilo linaloitambulisha talwari hata mbele ya asiyejua. Kitako chake ni kisahani cha duara, katikati kina kuba ndogo, na juu ya kuba kuna kijiti chenye tundu la kupitishia kamba ya mkononi. Mahali pa kushikia pametuna katikati. Mbele kuna msalaba mfupi wenye ncha nene butu, na ulimi mdogo unaoshuka juu ya bapa kila upande. Watu wakiushika kwa mara ya kwanza huuliza kama Wahindi wa zamani walikuwa na viganja vya watoto. Sivyo. Mpini umebanwa kwa makusudi. Mkono ukikaza kati ya kisahani na msalaba, kifundo hakipati nafasi ya kuchezacheza, bega na kiwiko ndivyo vinavyofanya kazi, na pigo linakuwa la kukata kwa kuvuta. Wengi walipitisha kidole cha shahada mbele ya msalaba, na ndiyo maana sehemu ya kwanza ya makali, karibu na mpini, huachwa butu. Ya Mzee ilikuwa na sehemu hiyo butu. Nilipoiona nilianza kuuheshimu.

Sasa kutu. Kuna kutu mbili na hazitendewi sawa. Ile nyekundu, ya unga, inayobaki kidoleni, iko hai: inaendelea kula. Ile nyeusi iliyokaza na kulala sawasawa juu ya chuma imeshatulia, na mara nyingi chini yake uso wa zamani bado upo. Nyekundu itoke. Nyeusi sina ugomvi nayo, na mnunuzi anayejua anachokitazama huipenda. Ukiikwangua hadi chuma cheupe, umekwangua pia chochote kilichoandikwa humo.

Nilianza na mafuta mepesi ya mashine. Nililifunga bapa kwa vitambaa vilivyolowa, nikaviringisha plastiki juu, nikaacha. Ukiwa nyumbani na huna mafuta ya mashine, mafuta ya taa yanafanya kazi, ila yafutwe vizuri baadaye. Baada ya hapo inakuja sehemu ya kuchosha. Unakwangua kwa kitu kilicho laini kuliko bapa lakini kigumu kuliko kutu, na kitu hicho ni shaba. Mimi natumia sarafu za Kiingereza za peni moja na mbili, zile za zamani. Kabla ya 1992 zilitengenezwa kwa shaba nyekundu yenye bati na zinki kidogo. Baadaye zikawa chuma kilichofunikwa shaba, nazo zitakuchorea mistari. Sumaku inazitenganisha mara moja. Sarafu ikisimamishwa kwa ukingo na kusukumwa taratibu juu ya mafuta, gamba la kutu linabanduka lenyewe na chuma hakina habari. Baada ya sarafu nikapitisha stilwaya ile laini kabisa, namba 0000, siyo ya kusugulia sufuria, ikiwa na mafuta tele, nikifuata urefu wa bapa. Msasa haukufika mezani.

Mpini niliutenga. Kule nilitumia mafuta, vijiti vya mianzi vya kuchokonolea meno, na lenzi. Watu huona ni ujinga, kukaa jioni nzima kwenye eneo la ukubwa wa kiberiti. Lakini chini ya lenzi, kwenye ulimi wa upande mmoja, kutu ilipoachia niliona mikwaruzo midogo mno iliyopishana, na ndani ya mikwaruzo vipande vyeupe visivyo na kutu. Fedha.

Kazi hiyo Wahindi huiita koftgari. Fundi huukwaruza uso wa chuma kwa patasi kali, mistari iliyobanana ya pande mbili au tatu, kama mwashi anavyokwaruza ukuta ili plasta ishike. Kisha hulaza uzi mwembamba wa fedha au dhahabu akifuata ua au jani, akaugonga hadi ukanase kwenye mikwaruzo, mwisho akaulainisha kwa jiwe. Hakuna gundi wala risasi ya kulehemia. Unavyoshikilia ni hivyo tu, kwa hiyo kutu ikiota chini ya fedha huinyanyua, na mtu akipita na brashi ya waya fedha yote inaondoka na vumbi. Sialkot na Gujrat (mji, siyo jimbo la Gujarat) za Punjab zilijulikana kwa kazi hii, na Jaipur na Udaipur upande wa Rajasthan.

Upande wa pili wa mpini alishapita mtu mwenye mashine. Ulikuwa msafi, wa kijivu, una duara za brashi ya umeme, na hata kwa lenzi niliona mikwaruzo miwili mitatu tu pembeni kabisa. Upande uliokuwa mchafu zaidi ndio uliokuwa na maua. Nilimpigia Mzee simu aje aone pande zote mbili kabla sijaendelea, maana nilijua maneno yangu matupu hayataishinda Dasara.

Alikuja na mkewe. Mama ndiye aliyeinama kwenye lenzi kwanza, akaongea Kigujarati haraka haraka, akanigeukia. "Hii ua tunaweka kwa sari," akasema. Mzee naye akatazama, kisha akauliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika kazi hii: "Na bapa? Huko umekwisha sugua, iko nini chini?"

Kwenye bapa nilikuwa natafuta alama. Mapanga ya India hubeba mengi. Mengine yana saini ya Asadullah wa Isfahan, mhunzi mashuhuri wa Uajemi, na karibu zote ni za kunakili: kama zote zingekuwa zake asingepata nafasi ya kulala. Mengine yana mraba wa vyumba vinne wenye tarakimu 2, 4, 6 na 8, ile buduh ambayo mtu wa pwani aliyewahi kufungua hirizi ataitambua bila kuambiwa. Mengine yana alama za Ulaya, za kweli au za kuiga, kwa sababu bapa za Ujerumani na Italia zilisafiri mbali na kusifiwa. Aliyeona mapanga ya Kiomani yenye bapa za Solingen, Ujerumani, anajua habari hiyo. Waingereza wenyewe walileta India mapanga ya wapanda farasi ya mtindo wa 1796, na wenyeji wakayapenda mabapa, wakatupa mipini na kuyatia ya talwari. Hiyo ndiyo sababu siamini mtu anayetaja mwaka wa upanga kwa kuangalia mpini peke yake. Bapa moja linaweza kuvalishwa mipini mitatu, na mpini ukaoa bapa tofauti. Unachoshika mkononi kina umri zaidi ya mmoja.

Katika la Mzee hapakuwa na saini wala mraba. Kwenye mgongo wa bapa, sentimita chache kutoka mpini, palikuwa na vinukta vilivyogongwa kwa ncha ya msumari, vimejipanga. Nilivichukulia kuwa vijishimo vya kutu hadi nilipoona vina umbali sawa. Niliupaka mgongo unga wa chaki, nikaufuta, chaki ikabaki mashimoni. Zikawa herufi na tarakimu za Kidevanagari, mwandiko unaotumiwa kuandika Kihindi.

Mimi siwezi kuzisoma. Mzee anasoma Kigujarati, ambacho herufi zake nyingi zinafanana na hizo zikiondolewa mstari wa juu. Alivua miwani, akaivaa, akachora hewani kwa kidole. "Saba. Sifuri. Hii moja... hapana, tisa." Moja na tisa za Kidevanagari zinakaribiana kwa umbo, na za nukta nukta ndiyo kabisa. Alirudi kwenye tarakimu hiyo kila alipokuja.

Namba za nukta namna hii ni za ghala. Watawala wa Rajasthan walihesabu silaha zao na kuzigonga alama. Zinazojulikana zaidi ni za ngome ya Junagarh, Bikaner. Maharaja Anup Singh alipoiteka ngome ya Adoni kusini mwaka 1689, akiwa upande wa Aurangzeb, mfalme wa Mughal, silaha zilizotekwa ziliandikwa kwa nukta, na baadhi yake leo ziko makumbusho za nje. Mwuzaji yeyote mjanja angekimbilia kuandika "Bikaner" kwenye tangazo, bei ipande. Mimi niliandika "ghala la mtawala, huenda Rajasthan" nikaishia hapo. Zile za Adoni zinaeleza zilikotoka. Ya kwetu ilikuwa na namba na kifupisho tu.

Swali la mwisho lilikuwa feleji. Kila mwenye upanga wa India huombea uwe wa ile feleji ya chungu, ambayo Wazungu waliiita wootz. Ilitengenezwa kusini, sehemu za Telangana, Mysore na Salem: chuma na majani au kuni hufungiwa kwenye vyungu vidogo vya udongo, vikapikwa moto mkali kwa saa nyingi, vikaachwa vipoe taratibu. Kaboni yake ilifika karibu asilimia 1.5, nyingi kuliko chuma cha kawaida cha mhunzi. Madonge yake yaliuzwa hadi Uajemi na Uarabuni, na tangu karne ya 9 al-Kindi wa Iraki alishaandika juu ya aina za mapanga na vyuma vyake. Bapa la feleji hiyo likisafishwa na kupakwa dawa huonyesha mawimbi, jauhar, na bei yake ni nyingine.

Kupaka dawa bapa zima bila kujua ni kamari. Nilifungua dirisha dogo tu, sentimita mbili, mahali palipokuwa pameshakwaruzwa na mtu mwingine. Nililing'arisha hapo peke yake, nikalifuta mafuta, nikapitisha kijiti cha pamba chenye kloridi ya feri iliyozimuliwa sana, dawa ile ile ya kuchongea bodi za saketi. Nikaizima kwa soda ya kuokea, nikakausha, nikatia mafuta. Pakatokea mistari myembamba iliyolala kwa urefu, na karibu na makali rangi ya kijivu kilichokoza. Hapana mawimbi. Ni bapa la vipande vilivyounganishwa kwa kufua, pande mbili za chuma laini zikibana kigumu kilichotokeza kwenye makali.

Mtoto wa Mzee alinyong'onyea. Mimi sikuona sababu. Wootz ni ngumu na hukata, lakini bapa hili limefuliwa na mtu aliyejua wapi paingie kigumu na wapi laini, na ukililenga kwenye mwanga halina kupinda kusikotakiwa. Huu ulikuwa upanga wa askari, siyo wa kiti cha enzi, na maua ya fedha kwenye mpini yalikuwa ya kiasi chake. Niliwahi kusimama mbele ya makabati ya makumbusho ya Wallace Collection kule London, mipini ya yakuti na dhahabu safu kwa safu, na niliyokumbuka baada ya kutoka ni michache.

Nikakadiria mpini ni wa karne ya 19 na bapa si changa kuliko hapo. Jinsi ulivyofika Leicester kila mtu anaweza kukisia. Baada ya maasi ya 1857 Waingereza walikusanya silaha nyingi mikononi mwa raia, na sheria ya silaha ya 1878 ikakaza zaidi, lakini maghala ya watawala wa kienyeji yalibaki. Baada ya uhuru wa 1947 dola zao ziliunganishwa na India, na 1971 serikali ikawafutia posho zao. Vitu vikatoka ngomeni kwenda sokoni. Sheria ya India inayozuia vitu vya kale kutolewa nje ilipitishwa 1972, mwaka ule ule Mzee alipokuwa anafunga duka Jinja.

Tukarudi kwenye kung'ara. Nilimwambia Mzee naweza kulifanya bapa kioo kwa siku moja, na siku hiyo hiyo namba yake itakwenda na vumbi. Hakujibu. Mama alijibu badala yake, na kwa kuwa alijibu kwa Kigujarati sikuambiwa alisema nini. Tulikubaliana bapa libaki la kijivu cheusi, laini, lisiloacha rangi kwenye kitambaa cheupe. Kutu kidogo niliiacha chini ya msalaba, mahali ambapo kuifikia kungehitaji nguvu kuliko faida.

Mwisho ni nta. Nilitumia ile nta ngumu ya makumbusho iliyobuniwa kwa ajili ya British Museum, tabaka mbili nyembamba, kila moja ikisuguliwa kwa pamba ikikauka. Mzee alipendekeza mafuta ya nazi. Nikakataa, maana mafuta ya mimea hunata yakikaa na kukusanya vumbi na unyevu. Kama unaishi Lamu au Tanga, ambako hewa yenyewe ina chumvi, nta ni lazima, na kila aliyeushika upanga kwa mkono mtupu aufute, kwa kuwa jasho nalo ni chumvi. Usiuhifadhi ndani ya ala ya ngozi hata kama unayo nzuri. Ngozi hutunza unyevu na asidi yake. Ala ikae pembeni.

Siku ya Dasara waliupaka kumkum. Nilijua watapaka, kwa hiyo nilikuwa nimeomba ipakwe bapani na siyo kwenye fedha, na ifutwe jioni ile ile, kwani ni unga wa manjano na chokaa uliochanganywa na maji. Nta ilifanya kazi yake.

Pamoja na upanga nilimpa karatasi: vipimo, nilichokikuta, nilichokitoa, dawa niliyotumia na mahali lilipo lile dirisha dogo, ili fundi ajaye asianze gizani. Mzee aliisoma, akaomba kalamu. Pembeni aliandika ile namba kwa mkono wake, mara moja ikiwa na moja, mara ya pili ikiwa na tisa, na mbele ya zote mbili akatia alama ya kuuliza.